Ua wa Kuku Umejaa Tope: Yaondoe Maji, Ndipo Uchague Matandazo

Msimu wangu wa kwanza wa mvua nikiwa na kuku, nilipambana na tope kwa marobota manne ya nyasi kavu. Niliyatandaza asubuhi, ua ukapendeza, kuku wakapekua kwa bidii, nami nikajiona fundi. Wiki mbili hazijaisha, nyasi zilikuwa zimegeuka mkeka mmoja mzito wenye kuvu: kinyesi juu yake, tope lilelile chini yake, na sasa limefunikwa lisipate hata upepo. Kuubandua ule mkeka kwa beleshi kulinichukua siku nzima, na harufu yake ikanifuata hadi mezani.

Kosa halikuwa la nyasi peke yake. Nililichukulia tope kama uchafu wa kufunika, kumbe tope ni maji yaliyokosa pa kwenda, yakajichanganya na udongo uliokanyagwa na kinyesi. Hakuna matandazo yanayoweza kunywa maji yanayoingia kila siku. Kwa hiyo nitaanza mbali kidogo na swali ambalo wengi huanza nalo, "nimwage nini juu ya tope?". Mwenye haraka anaweza kurukia hatua ya nne, ila asije akanilaumu.

Pia usidhani tope ni suala la sura tu. Kuku mkubwa hutoa zaidi ya gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kuku 12 ni zaidi ya kilo moja kila siku, hata mvua isiponyesha. Vijiyai vya koksidia, wale vimelea wa kuhara damu, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza. Vikipata unyevu, joto na hewa huiva kwa siku moja au mbili hivi, na kuku akividonoa huambukizwa. Nyayo nazo zikilowa muda mrefu ngozi hulainika, mchubuko mdogo hupitisha bakteria, na baada ya muda unaona uvimbe mgumu wenye kigaga cheusi chini ya unyayo. Uvimbe huo ni mgumu kutibu kuliko kuuzuia.

Hatua ya 1: Toka nje mvua ikinyesha

Hili watu hawalipendi, lakini nusu saa ukiwa umesimama uani wakati wa mvua itakufundisha kuliko siku nzima ya kukisia jua likiwaka. Angalia maji yanatoka wapi. Yanadondoka kutoka paa la banda? Yanateremka kutoka upande wa juu wa kiwanja? Au yanaanguka tu kutoka mawinguni na kutuama kwa sababu udongo hauyanywi? Kila chanzo kina dawa yake, na mara nyingi utakuta viwili vinashirikiana.

Paa ndilo mkosaji ninayemkuta mara nyingi zaidi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Banda lenye paa la mita 3 kwa 4, mvua ya milimita 25 ikipiga, linamwaga lita 300. Hayo ni madumu 15 ya lita 20 yakimiminwa kwenye mstari mmoja mwembamba, na mstari huo kwa kawaida uko palepale mlangoni pa kuku.

Usisahau chombo cha maji ya kunywa. Ukiona tope limezunguka mahali pamoja tu wakati kwingine kumekauka, huna tatizo la mvua. Una chombo kinachovuja au kuku wanaomwaga. Kiinue kifike usawa wa mgongo wa kuku, kiweke juu ya matofali au wavu uliojengewa fremu, na chini yake mwaga kokoto. (Kama unafuga bata pamoja na kuku, samahani. Bata hutengeneza tope kwa starehe, na ushauri wangu wa kweli ni kuwapa eneo lao.)

Hatua ya 2: Yaelekeze maji kwingine

Funga mfereji wa paa, hata wa bati lililokunjwa au wa bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, na uyapeleke maji kwenye pipa au nje ya ua. Kazi hii ya asubuhi moja imewahi kuniokoa nisinunue matandazo kabisa kwenye banda moja dogo.

Kwa maji yanayoteremka, chimba mtaro upande wa juu, nje ya uzio, wenye kina cha sentimita 30 hivi, ukiinama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji yatembee bila kula udongo. Ukijaza kokoto kubwa hautaziba upesi wala mtu hatavunjika mguu humo. Mambo mawili ya kuangalia: maji ya upande wa chini, yaliyokwisha kupita kwenye kinyesi, yasielekee kisimani, kwenye kijito wala kwa jirani, na popote mtaro unapopita chini ya uzio, ziba upenyo kwa waya. Mnyama mwindaji hahitaji mlango mkubwa.

Ukiweza kuezeka sehemu ya ua, ezeka. Hata theluthi moja tu ikiwa chini ya bati au turubai lililovutwa vizuri, kuku wana mahali pakavu pa kuogea vumbi, na uchaguzi wako wa matandazo unapanuka sana, kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Ujue udongo wako

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, karibu na ua. Lijaze maji, yaache yaishe yote, kisha jaza tena na upime kwa rula yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 hivi, udongo wako ni mzito na haunywi. Matandazo yatakaa juu ya beseni. Hapo utahitaji kuinua sakafu au kuongeza mtaro wa kokoto katikati ya ua. Yakishuka haraka kuliko hapo, una bahati: tope lako liko kwenye tabaka la juu tu, lililoshindiliwa na miguu.

Hesabu pia kuku. Wafugaji wengi hutumia kipimo cha mita mraba 1 ya ua kwa kuku mmoja, na zaidi ya hapo ni bora. Ukiwa na kuku 20 kwenye mita mraba 8, hakuna kitu nitakachokutajia hapa kitakachodumu. Punguza kuku au panua uzio.

Hatua ya 4: Chagua matandazo

Ninapochagua najiuliza mambo matatu. Maji yatapita kati yake? Kuku wataweza kuyapekua? Na yakichakaa, nitayatoaje? Kitu kinachofaulu maswali yote matatu ni vipande vya mti, na sitajifanya sina upande.

Nazungumzia vipande vinavyotoka mti unapokatwa na kupitishwa kwenye mashine ya kusagia matawi: vikubwa, vya sentimita 2 hadi 5, vimechanganyika na magome na majani. Kwa kuwa havilingani, havikai vikashikana. Nafasi hubaki kati yake, mvua ikazama chini na miguu ya kuku ikabaki juu. Kinyesi nacho huteremka mvua inapokiosha na kuku wanapopekua. Huko chini kuna kazi nyingine inaendelea. Kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi na mti una kaboni nyingi. Vikikutana, kuvu, bakteria na wadudu hupata mlo uliokamilika na kuanza kuozesha tabaka la chini taratibu. Kuku hufukua wadudu hao, na kwa kufukua huingiza hewa. Baada ya mwaka hivi, ukichimba utakuta udongo mweusi usionuka kitu isipokuwa msitu.

Kuna vipande vya kukataa. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zilizopakwa rangi, na zile za kubandikwa kwa gundi zisiingie uani hata bure. Baadhi ya dawa za mbao za zamani zina aseniki. Miti yenye sumu kama oleanda iache. Na lundo lililokaa likalowa hadi likawa na unga mweupe au wa kijani unaofuka ukiligusa, lianike na kuligeuza nje kwanza, kwa kuwa vumbi la kuvu hushambulia mapafu ya kuku, na yako pia.

Mchanga unafuata, lakini kwa sharti: uwe chini ya paa. Mchanga mkali wa mtoni, wenye chembe kubwa, ukiwa mkavu ni raha. Kinyesi hukauka juu yake, unakizoa kwa reki yenye meno ya karibu, na kuku huoga humo. Ukinyeshewa mfululizo juu ya udongo mzito, unajaa maji ya kinyesi na kunuka kuliko tope la awali. Mchanga laini usiutumie, hushikana kama saruji na hutoa vumbi. Wa baharini una chumvi, na kuku hawavumilii chumvi nyingi. Tena juani mchanga huchoma, kwa hiyo kivuli ni lazima.

Maranda na vumbi la mbao ni vya ndani ya banda. Nje, maranda hulowa upesi, na vumbi la mbao huwa uji. Vifaranga wadogo ndio kabisa: hulidonoa vumbi la mbao wakidhani ni chakula. Pumba za mpunga ni nyepesi, hazinywi maji sana, na chini ya paa hufanya kazi vizuri. Pasipo paa upepo utazichukua, na zilizobaki kuku watazitupa nje ya uzio.

Nyasi kavu nimekwisha kuzisema. Mabua ya nafaka yana afadhali kidogo kuliko majani ya malisho, kwa kuwa majani marefu yaliyolowa huota kuvu haraka, na kuku akiyameza yanaweza kujikunja kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni, na kuliziba. Ukilazimika, yakate mafupi, tandaza kidogo, toa baada ya siku chache. Majani makavu ya miti nayapenda kwa sababu ni ya bure na kuku huyashangilia kama sikukuu, ila ni ya muda mfupi. Yachanganye na vipande vya mti badala ya kuyategemea peke yake.

Kokoto watu huziona kama suluhisho la kudumu. Kwa njia ya mtu kupita, chini ya chombo cha maji au kama tabaka la chini kabisa, sawa. Kama sakafu ya kuku, hapana. Zenye ncha hukata nyayo, kuku hawawezi kupekua, na kinyesi huzama katikati yake mahali ambapo reki haifiki wala beleshi haliingii. Utaishia kuziosha kokoto moja moja, au kuhama.

Zege linasafishika kwa mpira wa maji, hilo halina ubishi, lakini ni gumu kwa miguu na linamnyima kuku kazi yake ya kuzaliwa. Mazulia ya zamani, magunia ya nailoni na turubai lililotandazwa chini viache: nyuzi hunyofoka zikajifunga miguuni au zikamezwa, na maji hunaswa juu yake.

Je, majani mabichi? Kuku walio kwenye eneo dogo la kudumu watayamaliza, kisha watakula mizizi. Njia inayowezekana ni kugawa ua vipande viwili au vitatu na kupumzisha kimoja kwa wiki kadhaa, au kujenga fremu ya mbao yenye wavu juu, ukapanda mbegu ndani yake. Kuku wanadonoa ncha zinazochomoza lakini hawafikii mizizi. Lakini usianze hayo ukiwa kwenye tope. Subiri pakauke.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kuagiza

Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Ua wa mita 3 kwa 4, ukiutandika vipande vya mti kwa kina cha sentimita 25, ni 3 × 4 × 0.25, yaani mita za ujazo 3. Kwa toroli la lita 80 hizo ni safari 38, kwa hiyo tafuta msaidizi kabla ya kuanza, si katikati.

Kina ndicho kinachowashinda wengi. Sentimita 5 juu ya tope ni kama kutupa vipande kwenye supu. Vinazama, na wiki ijayo unaapa kwamba havifai. Weka sentimita 20 hadi 30. Mchanga chini ya paa, sentimita 15 zinatosha kuanzia.

Hatua ya 6: Andaa na utandaze

Kama kuna siku mbili tatu za jua, zitumie. Komba ute wa juu, sentimita 5 hadi 10, uupeleke kwenye lundo la mboji. Usichimbe zaidi, maana utatengeneza dimbwi. Udongo ulioshindiliwa utoboe kwa uma wa bustani kila sentimita 20 hivi ili maji yapate njia. Mashimo na mabonde yajaze. Ukiyaacha, yatabaki madimbwi yaliyofichwa chini ya matandazo.

Kama mvua haikati na huwezi kusubiri, mwaga vipande vikubwa na matawi membamba moja kwa moja juu ya tope, tabaka nene, ukianzia mlangoni na kwenye njia ya kuku. Vya chini vitazama, vitakuwa msingi. Ongeza juu yake. Si nadhifu, ila kuku watakuwa wamepanda juu ya maji jioni hiyohiyo.

Kuhusu chokaa: ile ya kuchoma, na ile iliyochomwa ikazimwa kwa maji, huunguza nyayo, macho na mapafu, hasa pakiwa na unyevu. Chokaa ya shambani, iliyosagwa tu kutoka kwenye mawe, ni salama zaidi, lakini haiondoi maji. Majivu ya kuni nayo yakilowa huwa makali, kwa hiyo yaache kwenye beseni kavu la kuogea vumbi, kidogo tu.

Zungushia ua mbao au magogo ya kimo cha sentimita 30 upande wa ndani wa uzio. Kuku hupekua kwa kurusha nyuma, na bila kizuizi nusu ya matandazo itakuwa kwa jirani kabla ya mwezi kuisha.

Na sasa jambo nililojifunza kwa mgongo wangu: angalia mlango unafungukia wapi. Wangu ulifungukia ndani. Nilimwaga sentimita 25 za vipande, nikatoka, nikaufunga, na kesho yake haukufunguka. Niliruka uzio nikiwa na ndoo ya chakula mkononi, kuku wote wakinitazama. Geuza bawaba mlango ufungukie nje, au uinue kizingiti, kabla toroli la kwanza halijafika.

Hatua ya 7: Yatunze

Kila wiki chota konzi ya matandazo kutoka sentimita 10 chini na uyaminye. Yakidondosha maji, yamelowa kupita kiasi. Tafuta maji yanaingilia wapi kabla ya kuongeza chochote. Yakishikana kidogo kisha yakaachana ukifungua mkono, yako sawa. Yakifuka vumbi, nyunyizia maji kidogo.

Pua inafanya kazi iliyobaki. Inama hadi usawa wa kichwa cha kuku, si usimame na kunusa ukiwa wima. Ukihisi ukali unaochoma macho, hiyo ni amonia: kinyesi kimezidi kaboni, au hewa haipiti. Geuza kwa uma, ongeza vipande vikavu. Ukinusa yai bovu, maji yametuama chini, na dawa yake iko hatua ya 2. Kurusha konzi mbili za nafaka mahali palipogandamana kutawafanya kuku wageuze wenyewe, bila malipo.

Chini ya fito za kulalia na mlangoni kinyesi hurundikana zaidi. Pazoe kila siku chache. Mara moja au mbili kwa mwaka ongeza sentimita 5 hadi 10 za vipande vipya. Mwinue kuku mmoja mmoja usiku akiwa amelala, umwangalie nyayo kwa tochi. Ngozi ikiwa safi na kavu, ua wako unafanya kazi.

Tabaka la chini likishakuwa jeusi na laini, likusanye msimu wa kiangazi, maana likibaki litaanza kushika maji kama udongo ule wa mwanzo. Hilo ndilo linalowafanya watu waseme vipande vya mti "hugeuka tope" baada ya miaka miwili: hawakutoa kitu, waliongeza tu. Lirundike pembeni, ligeuze mara kadhaa, liache miezi kadhaa likomae kabla ya kulipeleka kwenye mboga, hasa zile zinazoliwa bila kupikwa.